Wataalamu tunaoitwa kuongea na wanafunzi wa sekondari: tunafika masomo yakiwa yameshachaguliwa

#1 MhandisiMaji (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila mwaka wataalamu tunaalikwa sekondari kuongea na vijana kuhusu kazi na masomo. Wanaitwa wahandisi, madaktari, watu wa benki, wanasheria, wanajeshi. Karibu mara zote tunapelekwa kidato cha nne na cha sita, kwa hoja kwamba hao ndio wanaomaliza. Msimamo wangu ni kwamba tunachelewa, na kuchelewa huku kunawaumiza watoto.

Mwanafunzi wa sekondari ya kata huamua anapoingia kidato cha tatu kama ataendelea na Fizikia na Kemia au atayaacha. Akiyaacha, uhandisi umeondoka, udaktari umeondoka, ufamasia umeondoka. Hata stashahada ya Afisa Tabibu haipati, kwa sababu wanataka angalau D ya Fizikia, Kemia na Biolojia kwenye cheti cha kidato cha nne. Halafu naletwa mimi na kofia yangu ya saiti nimwambie mtoto huyo kwamba akijituma atakuwa mhandisi!

Majuzi nilikuwa shule moja mkoani Singida. Nikauliza nani anataka udaktari, mikono ikajaa darasani. Nikauliza kati yao nani anasoma Fizikia. Mikono mingi ikashuka, na wengine wakawa wanatazamana, maana hawakuwahi kuambiwa kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana.

Swali langu: kwa nini hatuitwi kidato cha pili? Na tukiitwa, tuwaambie nini watoto wa miaka 14 au 15 kitakachowafaa kweli?

#2 Kisiki_cha_Mpingo

Naweka kambi hapa.

#3 Ticha_wa_Kata

Mkuu #1, nakushukuru kwa kujitolea, wengi wakialikwa wanatuma udhuru. Ila maelezo yako yana upande mmoja. Unasema mtoto "anaacha" Fizikia. Kuna shule mwalimu wa Fizikia hayupo kabisa, au yupo mmoja anayebeba Fizikia na Hisabati kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Maabara ina kabati lenye mizani moja. Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili unarudi mtoto ana F. Mkuu wa shule anatazama wastani wa shule, mwalimu wa taaluma anamwambia mtoto hamia sanaa usituharibie matokeo. Hapo mhandisi angekuja hata kidato cha kwanza angebadilisha nini?

Mnatuletea hamasa. Tunachokosa ni walimu.

#4 DaktariWaBara

Mwalimu #3 umesema kweli, lakini usiitupe hamasa namna hiyo. Mimi nimekulia kijijini Kibondo. Mtu mwenye koti jeupe niliyemfahamu alikuwa mmoja tu, Afisa Tabibu wa zahanati yetu. Aliwahi kuja shuleni tukiwa kidato cha pili kutufundisha kuhusu malaria, akamalizia kwa kutuambia alisoma nini na wapi. Hakutuhubiria. Alitaja masomo, alitaja miaka mitatu ya chuo, alitaja na ada aliyolipa. Kidato cha nne sikupata alama za kwenda kombi ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), nikapita njia yake: stashahada ya utabibu, nikafanya kazi, baadaye nikaomba MD, yaani shahada ya udaktari, kwa cheti kile. Masharti yanataka GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 na alama zako za kidato cha nne ziwe zimekaa sawa. Nimefika kwa kuzunguka, na sababu ni kwamba kuna mtu aliniambia mapema kwamba njia ya kuzunguka ipo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi: kidato cha pili waambie njia, na uwaonyeshe kwamba ziko zaidi ya moja.

#5 Mjukuu_wa_Chifu

Kuna watu mnapotosha hapa. Dogo akikosa PCB anaenda CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), akipiga A za Kemia na Biolojia anasoma udaktari vizuri tu. Namjua mtu.

#6 DaktariWaBara

#5 hapana ndugu. Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada ya udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu yawe ufaulu wa kidato cha sita. Jiografia haiwezi kukaa mahali pa Fizikia hata mtoto akipata A. Huyo unayemjua ama alipitia stashahada ya utabibu kama mimi, ama amesoma nje ya nchi. CBG ina nafasi zake nzuri, SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, kuna shahada za kilimo na mazingira zinaipokea, na ualimu vilevile. Lakini kumwambia mtoto CBG ni mlango wa nyuma wa udaktari ni kumpotezea miaka miwili.

#7 Mjukuu_wa_Chifu

Sawa daktari, nimeelewa.

#8 Binti_Sheria

Mnavyozungumzia sayansi utadhani kombi za sanaa, HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), zina barabara ya lami. Mimi ni wakili, naalikwa pia. Kila ninapokwenda nakuta wasichana hodari wanasema "nataka kuwa mwanasheria" na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Baada ya shahada kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, kisha ndipo uapishwe. Mnakumbuka Oktoba 2022: wanafunzi 633 walifanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Kelele zikapigwa nchi nzima, kila mtu na sababu yake: vyuo vikuu vinafundisha hovyo, Kiingereza ni kibovu, Shule ya Sheria inakomoa.

Mimi binti akiniuliza leo, namweleza ngazi zote mpaka ya mwisho na gharama ya kila ngazi. Kuna mwalimu aliwahi kuniita pembeni akaniambia nimewakatisha tamaa watoto wake. Nikamjibu, bora aijue ngazi ya tatu leo kuliko kukutana nayo akiwa na miaka 25 na deni la mkopo.

#9 Mchumi_Kivuli

#8 nakuelewa lakini kuna hatari hapo. Mtoto wa wakili akiambiwa 26 kati ya 633 anakwenda nyumbani, baba anamwambia usijali, nitakuongoza. Mtoto wa mkulima akisikia namba hiyo anaifuta sheria kichwani jioni hiyo hiyo. Ukweli ule ule unawapiga watoto wawili kwa uzito tofauti. Namba ngumu ukiitoa, toa pamoja na mtu wa kumshika mkono.

#10 Binti_Sheria

#9 hilo nimelipokea. Ndiyo maana siku hizi siendi mara moja na kupotea. Nimechukua wasichana wachache wa shule moja, nawafuatilia tangu kidato cha tatu.

#11 Ticha_wa_Kata

Unawafuatiliaje dada? Simu hawaruhusiwi shuleni.

#12 Binti_Sheria

Kwa barua. Namwandikia mwalimu wa ushauri na unasihi, anawapa, wanajibu kwenye karatasi za daftari, namimi nazipokea kwa konda wa basi. Wanauliza maswali ambayo wasingeyauliza mbele ya mkutano wa shule. Mmoja aliuliza kama mtu mwenye kigugumizi anaweza kusimama mahakamani. Kwenye ukumbi wenye wanafunzi mia tatu swali hilo lingezikwa. Barua zote mwalimu anazisoma kabla, na hilo nalitaka mwenyewe.

#13 MamaWatatu_Dodoma

Naomba niseme kama mzazi, maana naona wataalamu mnaongea wenyewe kwa wenyewe. Watoto hawachagui peke yao. Mwanangu wa kwanza alirudi likizo anataka ufundi wa umeme, baba yake akasema sisomeshi fundi. Akaenda EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) kwa heshima ya baba, akapata divisheni tatu, akakaa nyumbani mwaka mzima. Sasa hivi yuko VETA, chuo cha ufundi stadi, anasoma huo huo umeme, na anaongoza darasa. Hakuna mtaalamu aliyekuja kuongea na baba yake. Mkienda shuleni, ombeni muongee siku ya kikao cha wazazi. Baba akisikia kwa mhandisi mwenye gari lake kwamba fundi mzuri wa umeme ni mtu muhimu kwenye mradi, atakuja kulala tofauti.

#14 Kisiki_cha_Mpingo

Mama #13 umegonga msumari. Wazazi wetu wanajua kazi nne: daktari, mwalimu, mwanajeshi na "ofisini".

#15 FundiMitambo_Kahama

Na hapo hapo nichomekee. Mimi nimetoka kidato cha nne nikaingia chuo cha ufundi moja kwa moja. Watu hawajui kwamba vyuo kama DIT cha Dar es Salaam, Arusha Technical na MUST cha Mbeya wanachukua kidato cha nne kwa stashahada ya uhandisi. Ukimaliza ukiwa na GPA nzuri unaomba shahada, huku tayari mikono yako inajua kazi. Wenzangu waliopitia PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) tulikutana shahada mwaka uleule, wao hawajawahi kushika spana.

Na kwa taarifa yenu, sera mpya ya elimu, ile ya 2014 toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari. Kuna shule zilishaanza Januari 2024. Mtoto anachagua mkondo huo tangu kidato cha kwanza. Mleta uzi hapo unaona? Kidato cha pili chenyewe kimeshachelewa kwa hao. Itabidi twende darasa la sita.

#16 MhandisiMaji (mleta uzi)

#15 umenipa kazi nyingine. Nilikuwa nafikiria mfumo niliosoma mimi. Kama amali inaanza kidato cha kwanza, basi wakati wa kuongea na watoto na wazazi ni kabla ya hapo.

Ticha #3, sikubaliani kwamba ningekuja mapema nisingebadilisha kitu. Ningeona hiyo maabara yenye mizani moja kabla watoto hawajaacha somo. Ofisini kwetu kuna wahandisi vijana wanne, tungeweza kupokezana Jumamosi kufundisha. Sisi tunaletwa siku ya mahafali, tunakula pilau, tunapiga picha, na maabara hatuioni.

#17 Ticha_wa_Kata

Jumamosi karibu sana, ila fuata utaratibu. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ipitie kwa Afisa Elimu Sekondari, mkuu wa shule apate nakala. Na mwalimu wetu mmoja awepo darasani muda wote. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu wanakuja watu wanajiita washauri wa vijana, wanaomba namba za wasichana "wawasaidie kuhusu chuo". Mtaalamu wa kweli hana haja ya kukutana na mtoto wa shule peke yake, popote pale. Mwalimu au mzazi akiona hilo, amkatalie palepale.

#18 DaktariWaBara

#17 hili liandikwe kwa wino mwekundu. Asante mwalimu.

#19 MzeeWaMusoma

Wanangu, nimesoma tangu mwanzo. Mimi nimestaafu, nilikuwa afisa mipango.

Tatizo mnalitafuta kwenye masomo na miaka. Mimi naliona kwenye kutokujua kazi. Sisi tuliomaliza kidato cha sita baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 hatukwenda chuo kikuu moja kwa moja. Tulipitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), tukafanya kazi angalau miaka miwili, mwajiri akakupendekeza, ndipo ukaomba chuo. Tulinung'unika, naam. Lakini mimi nilikaa ofisi ya mkoa nikaona kazi ya mipango ni nini, nikaona kazi ya mhasibu ni nini, nikajua ipi ninaiweza. Nilipochagua shahada sikuwa nachagua jina.

Nyinyi mnataka kumwambia mtoto kwa maneno kitu ambacho anapaswa kukiona kwa macho. Mchukue akae siku mbili tatu kwenye mtambo wako wa maji, mhandisi. Ataamua mwenyewe.

#20 Kisiki_cha_Mpingo

Shikamoo mzee.

#21 Mchumi_Kivuli

Shikamoo mzee #19. Kwa heshima zote, kipindi kile waliomaliza kidato cha sita walikuwa wachache na serikali ilikuwa na kazi inawasubiri. Leo wanaomaliza ni wengi mno na ofisi yenyewe haina nafasi hata ya waliokwisha hitimu shahada. Nani atawapokea? Walioko vyuoni wanahangaika kupata sehemu ya fildi, wengine wanaishia kugongewa muhuri tu.

Nadhani tatizo ni soko. Mtoto anaweza kuchagua vizuri kabisa, akafaulu, na bado akakaa kitaa. Angalieni walimu wahitimu walivyojaa mitaani huku shule za kina Ticha hazina mwalimu wa Fizikia. Ushauri wa kazi hauwezi kuziba pengo la bajeti ya ajira.

#22 MzeeWaMusoma

Marahaba. Sikusema apewe ajira. Nilisema aone.

#23 Baharia_Tanga

Mzee amesema sahihi na nina ushahidi. Vijana wengi wanapenda ubaharia kwa sababu ya picha za meli na dola. Anakwenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam, anasoma, anafaulu. Kisha anagundua kwamba ili apate cheti cha umahiri kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, anahitaji muda wa kufanya kazi baharini, na meli ya kumpokea kama mwanafunzi haipatikani kirahisi. Wengine wamekaa miaka wakitafuta meli. Mtu akimpeleka kijana bandarini siku moja akaongea na maofisa wa meli, hilo angelisikia kabla ya kulipa ada ya kwanza. Na bado wapo ambao wangesema potelea mbali, nakwenda. Hao ndio mabaharia.

#24 Mrembo_wa_Kombi

Samahani wakubwa, mimi ndiyo nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano na vyuo, tulijaza darasani kipindi kimoja tu. Mwalimu aliandika kombi ubaoni, akasema jazeni tano kwa mpangilio. Nimejaza HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) ya kwanza kwa sababu rafiki zangu wote wamejaza hiyo. Naweza kubadilisha?

#25 Ticha_wa_Kata

Mwanangu #24, ndiyo. Matokeo yakitoka, TAMISEMI (wizara inayosimamia shule za serikali) hufungua mfumo wa Selform kwa muda ili wahitimu wabadilishe machaguo. Wahi, mfumo ukifungwa umefungwa. Kumbuka ili uchaguliwe kidato cha tano unahitaji angalau C tatu, na kombi unayotaka iendane na masomo uliyoyafaulu. Usibadilishe kwa kumfuata rafiki tena. Wewe masomo gani unayapenda?

#26 Mrembo_wa_Kombi

Jiografia na Hisabati. Uchumi hatukusoma.

#27 Mchumi_Kivuli

Mdogo wangu, kutosoma Uchumi kidato cha nne hakukuzuii, wengi wanauanza kidato cha tano. Kama Hisabati unaiweza kweli, itazame EGM. Inakuachia milango mingi zaidi ya HGE: takwimu, uchumi, mipango miji, uhasibu. Ila subiri alama zako kwanza.

#28 Mjukuu_wa_Chifu

Kombi zenyewe siku hizi ni hamsini na kitu, nani anazijua zote?

#29 Ticha_wa_Kata

Ni 65, mkuu. Zilikuwa 16, zikaongezwa 49 mwaka 2024. Mle ndani kuna mpya za lugha, dini, biashara, sanaa na michezo. Lakini kuwapo kwenye orodha na kuwapo shuleni ni vitu viwili. Kombi inahitaji mwalimu na shule inayoitoa. Wanafunzi wanachagua kitu kizuri kwenye karatasi, wanapangiwa kingine kwa sababu nafasi hazipo. Hili nalo ni sababu mojawapo ya hao mnaosema "walichagua vibaya". Hawakuchagua. Walipangiwa.

#30 Wambui_Nakuru

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku Kenya tuko kwenye maji hayo hayo. Mtaala wetu mpya, mwanafunzi wa Gredi ya 9 anachagua mkondo kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Gredi ya 10 ya kwanza imeanza Januari 2026. Kwa hiyo sisi tumelazimika kuwapeleka wataalamu kwa watoto wa miaka 14, jambo mnalolitaka nyinyi. Niwaambie nilichokiona nikiwa mwalimu: mtoto wa miaka hiyo anampenda mgeni, si kazi. Akija rubani mcheshi, darasa zima marubani. Juma lijalo akija mpishi wa hoteli mcheshi zaidi, wote wapishi. Mzazi naye anakuja ameshaamua sayansi kwa sababu jirani amesema sayansi.

Kwa hiyo mapema peke yake haitoshi. Sisi tunajaribu kuleta watu watatu wa kazi moja: aliyefaulu sana, wa kawaida, na aliyeiacha kazi hiyo akafanya nyingine.

#31 MhandisiMaji (mleta uzi)

Dada Wambui karibu sana. Hilo la kuleta aliyeiacha kazi sijawahi kulisikia huku, na nimelipenda mno. Sisi huletwa waliofanikiwa peke yao.

#32 Binti_Sheria

Na wanawake wawemo. Shuleni kwetu wahandisi wote waliokuja walikuwa wanaume, wauguzi wote wanawake. Hakuna aliyesema neno lakini ujumbe ulifika.

#33 Mjukuu_wa_Chifu

Mnasahau pesa. Maskini anachagua kozi yenye mkopo. Na mkopo ni wa shahada tu, stashahada hakuna, ndiyo maana wote wanakimbilia kidato cha tano badala ya vyuo vya kati.

#34 FundiMitambo_Kahama

Mjukuu leo hujalala vizuri. Bodi ya Mikopo imeanza kutoa kwa stashahada tangu mwaka wa masomo 2023/2024, kwa kozi za kipaumbele. Si kozi zote, lakini zipo.

#35 Mjukuu_wa_Chifu

Na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo?

#36 Mchumi_Kivuli

Ilifutwa 2021, Rais Samia alitangaza Mei Mosi. Kilichobaki ni makato ya asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Hata hili wataalamu hatuwaambii watoto. Mimi nikienda huwa naandika ubaoni mshahara wa mfano, natoa kodi, natoa mfuko wa hifadhi, natoa bima, natoa asilimia 15 ya Bodi. Darasa linanyamaza, kisha maswali yanamiminika. Wanataka kujua pesa ya kweli, hawajawahi kuonyeshwa.

Ila Mjukuu ana hoja pamoja na makosa yake. Tangu Januari 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne hakuna ada shule za serikali, na tangu 2022 kidato cha tano na sita vilevile. Chuo cha kati kina ada. Baba mwenye watoto watano atampeleka mtoto wapi? Kipaji cha mtoto kinakuja baadaye kabisa kwenye hesabu hiyo.

#37 Mwinyi_Unguja

Assalaam aleikum. Nyongeza ndogo: anayetoka Zanzibar ana bodi yake ya mikopo ya huku, na masharti yake. Watoto wetu wanasoma mitandaoni masharti ya bara wanachanganyikiwa. Mtaalamu akija visiwani aulize kwanza kabla ya kutoa maelekezo.

#38 MamaWatatu_Dodoma

Asante Mwinyi. Namimi niulize: kuna mahali mzazi anaweza kwenda akapata haya yote kwa pamoja bila kusubiri mgeni aalikwe shuleni?

#39 DaktariWaBara

Mama, maonesho ya elimu ya juu yanayoandaliwa na TCU hufanyika Dar, viwanja vya Mnazi Mmoja, kwa kawaida mwezi wa saba. Vyuo vingi viko pale na unauliza bure. Kwa vyuo vya kati tazama mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, unatolewa kila mwaka na unataja sifa za kila kozi na ada yake. Upakue usome na mwanao mkiwa wawili. Ila Dar ni mbali kwa mtu wa Dodoma, sembuse wa Kibondo, na mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo mtaalamu wa jirani anapokuwa na kazi.

#40 Ticha_wa_Kata

Mimi bado nashikilia langu: nileteeni mwalimu wa Fizikia, hayo mengine nitayamudu na mwongozo wangu wa NACTVET.

#41 MamaWatatu_Dodoma

Ticha, na baba zao utawamudu?

#42 Ticha_wa_Kata

Hao nawaachia nyinyi, mama.

#43 MhandisiMaji (mleta uzi)

Nimewasikia wote. Upimaji wa kidato cha pili huwa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo barua kwa Mkurugenzi naiandika mwezi huu ili tuingie mapema. Nitaomba siku mbili: moja ya wanafunzi wa kidato cha pili kuja mtamboni kwa makundi madogo pamoja na walimu wao, nyingine kikao cha wazazi. Natafuta fundi mchundo mwanamke, muuguzi, na mtu aliyeacha uhandisi akafanya kazi nyingine. Kuna mtu yuko Singida, Manyoni au Iramba?

#44 Mchumi_Kivuli

Manyoni nipo. Nitakuja na ubao wa mshahara. Lakini mkuu, bado hujanijibu la soko. Ukiwavutia hao wote kwenye uhandisi wa maji, nafasi ziko wapi?

#45 MzeeWaMusoma

Kijana, wilaya ngapi hazina maji?

#46 Mchumi_Kivuli

Mzee, uhitaji upo. Kasma ya mshahara, yaani fungu la bajeti, ndiyo haipo. Tuendelee.